Aliyerudi Kushona Nyavu

Sisi watu wa kando ya Ziwa Victoria tunajua jinsi aibu ya ugonjwa inavyozaliwa na jinsi inavyokufa, kwa sababu tumewahi kuiona ikifa mbele ya macho yetu. Nilianza kazi ya uuguzi huku Nyanza wakati Ukimwi ulikuwa bado hautajwi kwa jina. Mgonjwa aliletwa kwa mkokoteni, mbavu zahesabika, na jamaa waliomleta walisema ni chira: amevunja mwiko wa ukoo na sasa mwili wake unalipa. Wengine hawakuletwa kabisa. Walitengewa kikombe, sahani na pembe ya nyumba, wakangojewa wafe. Kila Ijumaa magari yenye majeneza yalipita mjini Kisumu yakielekea mashambani kwa mazishi ya Jumamosi, na matangani hakuna aliyethubutu kuuliza marehemu aliugua nini.

Novemba 1999 serikali ya Kenya iliutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Tangazo lile lilileta fedha na kampeni, na sina sababu ya kulidharau. Lakini kilichoyageuza macho ya watu ni dawa. Mwaka 2001 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa ARV bila malipo katika hospitali ya Homa Bay, na miaka iliyofuata dawa hizo zikafika hadi kwenye zahanati za vijijini. Mwanamke ambaye ukoo ulikwisha kuamua atazikwa wapi alionekana Jumapili katika soko la Kibuye, amekaa nyuma ya fungu lake la nyanya, akibishana na wateja kuhusu bei. Watu walimtazama, wakanunua. Baadaye kliniki zikaanza kuwaajiri wagonjwa wenyewe ili wazungumze na wale waliotoka kupewa majibu siku hiyo. Mtu akiambiwa na daktari kwamba ataishi, huenda asiamini. Akiambiwa na jirani yake wa Manyatta ambaye amemeza dawa zile zile miaka mitatu na ana mtoto mgongoni, ataamini.

Haya ndiyo yanayonipa ujasiri wa kuzungumzia ugonjwa wa akili. Aibu yake ina mizizi ile ile, na naamini itang'oka kwa njia ile ile: watu wamwone mgonjwa akipata nafuu, tena wamwone akirudi mahali pake.

Nililielewa hilo kwanza nyumbani kwetu, si hospitalini. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa mvuvi wa omena ufuoni Dunga. Omena huvuliwa usiku wa giza, taa zikielea juu ya maji ili dagaa hao wakusanyike, na mvuvi hulala mchana. Ndugu zake waligundua kwamba ameacha kulala mchana. Kisha akaanza kusema kwamba taa za mashua nyingine zinapeana habari zake. Akakataa kula chakula kilichopikwa na mkewe. Usiku mmoja aligeuza mashua katikati ya kazi, akawarudisha wenzake ufuoni mikono mitupu, na tangu siku ile hakuna aliyetaka kuingia majini pamoja naye.

Kila mtu alikuwa na maelezo. Wavuvi walisema ni bangi. Jirani alisema kuna mtu aliyemwonea wivu kwa sababu ya injini mpya. Dani, bibi yetu, alisema ni juogi, roho zilizomjia kutoka ziwani. Mjomba akapelekwa kwa mganga, kisha akapelekwa kwenye nyumba moja ya maombi, na huko akafungwa mguu kwenye nguzo huku akifungishwa saumu. Nilipoenda kumwona nilikuta kifundo cha mguu kimechubuka na mama yangu ameketi kando yake akimpaka mafuta. Nataka hili lieleweke vizuri: waliomfunga ndio waliokuwa wakimlilia. Walimpenda. Walifanya lile pekee ambalo waliwahi kuona likifanywa, na katika maisha yao yote hakuna aliyewahi kuwaonyesha mtu mwenye ugonjwa ule akipona.

Aibu haikuishia kwake. Watoto wa ufuoni walimwita janeko, mwendawazimu, nao watoto wake wakaitwa watoto wa janeko. Mkewe alikuwa akiuza omena kwa gorogoro karibu na barabara. Wateja wakaanza kumpita na kununua kwa mwanamke wa pili, ingawa samaki walikuwa wametoka katika mashua zile zile na kukaushwa kwenye jua lile lile. Ugonjwa wa mtu mmoja ulikuwa unawanyima chakula watu saba.

Hatimaye alipata matibabu. Muuguzi wa magonjwa ya akili alitueleza kwa subira kwamba huu ni ugonjwa unaojulikana, una jina na una dawa. Mjomba akaanzishiwa vidonge na sindano ya kila mwezi. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Sauti zilipungua, lakini mwili ulikakamaa, mate yakawa yanamtoka na mikono ikatetemeka, hadi alipoongezewa dawa nyingine ya kutuliza madhara hayo. Watu wengi huacha matibabu katika hatua hii, maana jirani akikuona unatetemeka husema afadhali ungebaki na wazimu wako. Inafaa mgonjwa na jamaa zake waambiwe mapema kwamba madhara haya yanaweza kutokea na kwamba kuna namna ya kuyapunguza.

Alipopata nafuu tulidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Alikuwa analala vizuri, anakula, anawatambua watoto wake, lakini alishinda chini ya mwembe kuanzia asubuhi hadi jioni kwa sababu hakuna aliyemhitaji. Hospitali ilikuwa imemaliza sehemu yake. Iliyobaki ilikuwa ya watu wa ufuoni.

Aliyeianza sehemu hiyo ni mzee aliyekuwa mwenyekiti wa wavuvi pale. Asubuhi moja alikuja nyumbani akiwa amebeba wavu uliochanika begani.

"Omera," alimwambia mjomba, "huu umeraruliwa na magugu. Utauweza?"

"Niletee uzi, Jaduong'," mjomba akajibu.

Nilikuwepo, nami nikakaa kutazama. Alitandaza wavu mapajani, akakata kwanza nyuzi zilizolegea ili tundu liwe na kingo safi, kisha akaanza kupitisha sindano ya mbao, jicho moja baada ya jingine, akipima ukubwa wa kila jicho kwa vidole viwili. Mikono ilikuwa bado inatetemeka. Alikosa fundo, akalifungua, akalifunga upya. Kazi ambayo zamani angeimaliza kabla ya chai ilimchukua hadi adhuhuri. Mwenyekiti alipokuja alizivuta kingo kwa nguvu, akaona zimeshika, akamlipa kiasi kile kile anacholipwa mshonaji yeyote.

Walikuwepo waliolalamika. Mmoja alisema hataingia majini na wavu ulioshonwa na kichaa. Mzee akamjibu mbele ya watu: "Akishona vizuri atalipwa. Akishona vibaya tutamwambia." Hakuhubiri. Aliweka kanuni moja kwa watu wote, na mjomba akawemo ndani yake. Baada ya muda watoto wakaacha lile jina, kwa kuwa mtu waliyekuwa wakimwita hivyo sasa ndiye aliyeshikilia nyavu za baba zao. Wateja wa mkewe nao wakarudi.

Kisha dawa zikaisha katika kituo tulichokitegemea. Tuliambiwa turudi wiki ijayo, halafu wiki ijayo tena. Safari hii, hata hivyo, hali haikufika mbali. Vijana aliokuwa akishona nao waligundua kwamba ameacha kulala. Mmoja wao akapanda hadi nyumbani akamwambia mke wa mjomba, "Mama, mzee halali tena. Ameanza kuziangalia taa." Tulitafuta dawa mahali pengine kabla ugonjwa haujashika kasi. Mwaka wa kwanza wavuvi walimkimbia, na ugonjwa ukawa na miezi ya kukomaa bila kuonwa na mtu. Sasa alikuwa katikati yao, wakamwona mapema. Aliyefichwa hatambuliwi mpaka aanze kupiga kelele.

Kazi yangu baadaye ilinipeleka katika nyumba za watu wa kila aina, kwa sababu Kisumu si mji wa kabila moja wala wa dini moja. Niligundua kwamba aibu ipo kila mahali, ila mlango wake hutofautiana.

Mtaani Kaloleni, kwa familia za Kiislamu, nilikutana na mama kijana aliyejifungua wiki chache kabla. Alikuwa halali wala hali chakula, na alisema mtoto aliyelala kando yake si wake. Nyumba nzima ilisema ni jini. Waliyemwita ni maalim wa karibu, naye baada ya kumsomea alikuja mwenyewe kunitafuta. "Sista," aliniambia, "kisomo changu nitaendelea nacho. Lakini hili la kutolala na kutomjua mwanawe, hili ni lenu." Nilimshukuru nikamwomba aandamane nasi, akakubali. Mama yule alipona, kama wengi wapatao maradhi ya akili baada ya kujifungua wanavyopona wakitibiwa mapema. Kama maalim angesema hospitali ni ya wasio na imani, nisingeweza kuingia nyumba ile hata kwa cheti cha daktari mkuu. Tangu hapo sijawahi kumwambia mgonjwa achague kati ya dua na dawa. Nimeona mambo mengi yakiharibika pale ambapo mmoja humkataza mgonjwa asiende kwa mwenzake.

Katikati ya mji nilifahamiana na familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Kijana wao aliishi ghorofani juu ya duka, na wateja wengi hawakujua kwamba yupo. Walimtibu kwa siri jijini Nairobi, kwa gharama kubwa. Mama yake aliniambia, "Sista, mabinti zangu bado hawajaolewa," na katika sentensi hiyo nikasikia yale yale niliyoyasikia Dunga: ugonjwa wa mmoja utawafungia milango wote. Fedha ziliwanunulia dawa ambazo mjomba alizikosa, lakini hazikuwanunulia mtu wa kuzungumza naye. Siku moja mama huyo alikuja kliniki mwenyewe kuuliza jambo, akaketi kwenye benchi karibu na mwanamke wa Nyalenda aliyemleta mwanawe kwa sindano. Mazungumzo yakaanza. "Wangu naye alikuwa anakataa chakula changu," alisema yule wa Nyalenda, "alisema nimekitia sumu. Mimi, mama yake!" Mama mwenye duka akaanza kulia. Nilikuwa nimemweleza mengi kuhusu ugonjwa ule, na yote yalikuwa kweli, lakini hakuna nililosema lililomfikia kama sentensi hiyo moja ya mzazi mwenzake.

Wataalamu wamefika pale pale kwa njia yao. Mwaka 2022 jopo la kimataifa lililoitishwa na jarida la tiba la Lancet, likiongozwa na Graham Thornicroft wa Uingereza pamoja na Charlene Sunkel wa Afrika Kusini, ambaye mwenyewe ameishi na skizofrenia, lilipitia utafiti wa miaka mingi kuhusu unyanyapaa. Lilihitimisha kwamba njia yenye nguvu zaidi ya kuupunguza ni kuwakutanisha watu, ana kwa ana au vinginevyo, na wale waliowahi kuugua. Mzee wa Dunga hakusoma jarida hilo.

Kwa upande wa Wajaluo wenzangu, ninalo la kusema kuhusu namna tunavyozika. Hakuna jamii ninayoijua inayolia kwa uwazi kuliko sisi. Mzee akifa, wanaume hukimbiza ng'ombe katika tero buru, wakipiga kelele na kushika mikuki kukifukuza kifo. Wanawake huingia bomani wakiomboleza kwa sauti, na majirani hulala nje kwa moto siku kadhaa ili wafiwa wasibaki peke yao. Mwanamume mzima analia mbele ya wakwe na hakuna anayemwita dhaifu. Tunajua kabisa kwamba huzuni si ya kubebwa na mtu mmoja. Ila aliyekufa kwa kujiua, katika baadhi ya koo, huzikwa harakaharaka, bila maombolezo, na jina lake hapewi mtoto. Wafiwa wanaohitaji watu wa kukaa nao kuliko wote ndio tunaowaacha peke yao. Nimekaa na mjane wa namna hiyo, jiko lake likiwa halijawashwa na ua wake mtupu siku ya tatu. Wazee wetu waliweka miiko hiyo kwa hofu kwamba kifo kile kitaambukiza ukoo. Leo tunajua kwamba wengi wanaofikia hapo huwa wanaugua au wamezidiwa na maumivu, na kwamba wangeweza kusaidiwa. Mila inayojua kufariji vizuri namna hii inaweza kumfariji pia mjane huyu. Makanisa kadhaa na wazee wa koo wameanza kukubali, na kila anayekubali anawaokoa walio hai.

Sheria nayo ilikuwa upande wa aibu kwa muda mrefu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Nimemhudumia mtu aliyenusurika huku askari ameketi mlangoni akimsubiri apate nguvu za kupelekwa kortini. Utamwambiaje mgonjwa akueleze ukweli wa moyo wake wakati ukweli huo ni ushahidi dhidi yake? Familia zilijifunza kusema ni ajali, na sisi tukatibu jeraha tukaacha chanzo. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Uamuzi huo uwafikie watu wote, hasa machifu na askari wa vituo vya ufuoni, kwa sababu hukumu ambayo kijijini haijulikani haimsaidii mtu.

Yapo mengine yaliyokwisha kuandikwa. Jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliishauri serikali mwaka 2020 itangaze ugonjwa wa akili kuwa dharura ya kitaifa. Juni 2022 sheria ya afya ya akili ilifanyiwa marekebisho, na kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizi. Mji wetu una sababu zake za kudai wajibu huo utimizwe. Kuna wazee hapa ambao bado hushtuka wakisikia mlio, tangu umati ulipopigwa risasi tarehe 25 Oktoba 1969, siku Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali kuu iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Kuna walioziona ghasia za uchaguzi wa 2007 na za chaguzi zilizofuata. Kuna wajane ambao miili ya waume zao haikutoka ziwani, na kuna familia za Nyando ambazo mafuriko huwahamisha tena na tena.

Si lazima kila mmoja wao apate daktari bingwa, maana mabingwa ni wachache. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina bibi wa Harare kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida zao hatua kwa hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma za kawaida. Hapa hapa Kisumu, watafiti wa KEMRI na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco waliwafunza wafanyakazi wasio mabingwa kutoa tiba ya mazungumzo kwa wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi waliopitia ukatili, na sonona ya wanawake hao ikapungua. Tuna wanyamrerwa, wahudumu wa afya wa jamii, wanaojua kila nyumba ya Obunga na Nyalenda. Wanajua nani amejifungua na nani amefiwa. Wafunzwe kuuliza pia nani halali, na wakiuliza, zahanati ya karibu iwe na dawa mwezi wote. Kumhimiza mtu ajitokeze kisha umwambie dawa zimekwisha ni kumfundisha asijitokeze tena.

Sehemu iliyobaki haiwezi kufanywa na hospitali wala kaunti. Ukiwa na mashua, duka, shamba, karakana au darasa, una kitu ambacho sisi wauguzi hatukuwahi kuwa nacho kwenye kabati ya dawa: unaweza kumrudishia mtu kazi yake. Mpe aliyepata nafuu kazi anayoiweza, mlipe sawa na wengine, mweleze akikosea kama unavyowaeleza wengine, na umruhusu siku ya sindano aende bila kujificha. Atakayemwona hapo kazini ana ndugu yake nyumbani anayefichwa, na kesho atamleta.